Akina Matilda Wanne Kwenye Khitma

Nasriya binti Aflah alikuwa na makosa mengi, na kwa haki lazima isemwe kwamba mengi katika hayo aliyafanya kwa ustadi. Katika shule ya bweni aliyosoma miaka mitano, huko milimani Kenya, alitia chumvi katika bakuli la sukari la walimu, akamfundisha kasuku wa mkuu wa shule kukohoa kama mkuu wa shule mwenyewe, na siku moja akaivisha nguo za kulala sanamu ya mfadhili iliyokuwa mbele ya ukumbi. Kila kosa lilikuwa na adhabu yake, na kila adhabu ilikuwa na mwisho wake. Ukishaosha sufuria ishirini, umeshaosha. Ndiyo maana alikuwa hajui bado kwamba lipo kosa la namna nyingine, ambalo hakuna mtu anayekuadhibu, na badala ya kukuadhibu wanakupa haluwa.

Kosa hilo alilifanya Maskati, mwezi wa Shaabani, mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka kumi na sita na wino wa kutosha.

Alikuwa amefika Agosti pamoja na mama yake, Bi Sayyida, wakati watu wa Unguja waliotawanyika walipoanza kusikia kwamba mlango wa Omani umefunguliwa na serikali mpya inataka watu waliosoma. Inataka wanaume waliosoma, kwanza. Shule ya wasichana wa umri wake haikuwepo. Kwa hiyo Nasriya alikaa mtaa wa Darsait, katika nyumba ya vyumba viwili na ua, akihesabu mbuzi wa jirani na kungoja maisha yaanze. Kazi yake pekee ilikuwa ukarani. Katika mtaa mzima yeye ndiye aliyeandika upesi kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu, na wanawake wakamfanya kalamu ya mtaa: barua za Dubai, barua za Mombasa, barua za kumgombeza mume aliyeko Kuweti.

Siku moja Bi Mahfoudha, aliyekaa mlango wa pili, alimwita.

Bi Mahfoudha alikuwa bibi mwembamba wa miaka sitini na kitu. Alitolewa Unguja kwa meli mwaka sitini na nne, yeye na mwanawe Thabit. Bintiye hakupanda meli ile. Shaikha alikuwa na miaka kumi na tisa, ameolewa shamba, na zile siku za mapinduzi za Januari zilimkuta huko kwa wakwe zake. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Miaka sita Bi Mahfoudha alikuwa akiteremka bandari ya Matrah kila aliposikia wamefika watu, akiwauliza mmoja mmoja, na miaka sita alikuwa akikataa katakata bintiye asiombewe dua ya maiti. Mpaka mwezi ule, alipokuja mwanamke mmoja wa shamba lile lile akamwambia kwamba nyumba ya wakwe ilichomwa moto na waliokuwamo hawakutoka. Hapo ndipo Bi Mahfoudha alipomwambia Thabit: "Nitafutie haluwa na ubani. Nnasoma khitma."

Haya yote Nasriya aliyajua. Mama yake alimsimulia kabla hajatoka nyumbani, tena mara mbili. Kuyajua aliyajua, kuyafikiri ndiko hakuyafikiri.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema Bi Mahfoudha. "Una wino?"

"Nnao, Bibi. Wa kuandikia mji mzima."

"Mji mzima sikuutaka. Nna watu wangu thelathini na tatu." Akainua tasbihi yake fupi. "Punje moja, mtu mmoja. Akizidi nitajua, akipungua nitajua. Unaandika kwanza hapa, kisha ukanakili kwenu kwa mwandiko mzuri, herufi za Kiarabu, maana Masouda hasomi hizo zenu za kuchuchumaa."

Bi Masouda alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani tangu Unguja, na kwenye khitma za wanawake ndiye aliyesoma majina ya wafu.

Bi Mahfoudha akaanza, wanaume mwanzo. Baba, babu, ami. Kisha: "Shaikha binti Khalfan. Huyo bibi yangu, mzaa baba."

Nasriya aliandika. Majina manane baadaye ikaja Shaikha binti Nasor, binti wa ami. Kisha Shaikha binti Hamed, dada.

"Bibi, kwenu kulikuwa na uhaba wa majina?"

Bi Mahfoudha alicheka, na jino lake la dhahabu likaonekana. "Jina zuri halitupwi, we mtoto. Bibi akifa, mjukuu analivaa."

"Kama kanga."

"Kama kanga. Ila hili halichuji."

Wakaendelea. Walipofika punje ya mwisho, Bi Mahfoudha aliishika baina ya vidole viwili akakaa nayo. Punda wa maji alipita njiani na mapipa yake, mwenye punda akabishana na mtu, wakamaliza. Nasriya, ambaye ni mtu wa adabu akikumbuka, alikuwa akichora mbuzi pembezoni mwa karatasi.

"Shaikha binti Sleyum," alisema Bi Mahfoudha. "Andika."

Nasriya akaandika, akafunga daftari.

Sasa inabidi waingie akina Matilda, na waingie kwa heshima zao, maana walikuwa watu wakubwa.

Katika shule ile ya bweni kulikuwa na mwalimu wa historia aitwaye Mis Langfodi, aliyeamini kwamba mtoto wa Kiafrika au wa Kiarabu asiyewajua wafalme wa Kiingereza wa miaka mia tisa iliyopita hawezi kuvuka barabara salama. Na katika zama hizo, kwa bahati mbaya ya wanafunzi, Waingereza walikuwa na Matilda wanne kwa wakati karibu mmoja. Mmoja mke wa mfalme, wa pili mke wa mfalme, wa tatu mke wa mfalme, na wa nne binti wa mfalme aliyeolewa na mfalme mkuu wa Ujerumani. Wanafunzi waliwachanganya kama mchele na choroko. Nasriya aliandika katika mtihani kwamba bila shaka alikuwa mwanamke mmoja tu, aliyeolewa mara nyingi ili kupunguza gharama za mihuri. Adhabu yake ilikuwa kunakili maisha ya kila Matilda mara ishirini. Tangu hapo aliwajua kama anavyoijua njia ya jikoni.

Kwa hiyo usiku alipokuwa akinakili, na akina Shaikha wanne wakiwa mbele yake, aliona kwa uadilifu wake kwamba si haki akina Shaikha waombewe kila mwaka na akina Matilda wasiombewe na mtu yeyote Darsait. Kuwaongeza haiwezekani; punje ni thelathini na tatu. Ilibaki kubadilishana, mtu kwa mtu. Akachovya kalamu. Pahala pa bibi akaandika Matilda binti Baldwini. Pahala pa binti wa ami, Matilda binti Malkamu. Pahala pa dada, Matilda binti Yustasi. Na pahala pa mwisho, Matilda binti Henri. Aliona wazi itakavyokuwa: Bi Masouda atakwama, ataikaribisha karatasi puani, atauliza "Huyu nani?", wanawake watacheka, yeye atatoa orodha ya kweli kutoka mfukoni, na mchana wa Darsait utakuwa umepata kitu cha kuzungumzwa.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakumjua Bi Masouda.

Alkhamisi baada ya alasiri ua wa Bi Mahfoudha ulijaa. Juzuu ziligawanywa, zikasomwa, zikakusanywa. Chetezo cha ubani kikazungushwa. Bi Masouda akavaa miwani yake iliyofungwa uzi, akaishika karatasi, akaanza, na kwa kila jina wanawake wakaitikia kwa pamoja, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Matilida binti Baluduwini," alisoma Bi Masouda, wala hakupepesa.

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

Nasriya alitafuna pindo la shela yake. Bi Masouda alikuwa amesoma majina ya wafu miaka arobaini na hajapata kubishana na karatasi. Alipofika Matilida wa pili, mabega ya Nasriya yalikuwa yakitetemeka na machozi yanamtoka, na mama mmoja aliyekaa karibu naye akampapasa mgongo. "Lia, mwanangu. Lia. Ndio faida ya khitma."

Wa tatu akarehemewa. Wa nne akarehemewa. Bi Masouda akakunja karatasi, akapaka uso viganja, na wanawake wote wakapaka.

Ila Bi Mahfoudha. Yeye alikuwa ameshika punje ya mwisho ya tasbihi.

"Masouda," alisema. "Umeruka."

"Sijaruka hata nukta."

"Thelathini na tatu umesoma?"

"Si unazo mkononi? Hesabu."

"Nimehesabu. Ni thelathini na tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Lakini Shaikha hujamsoma. Hata mmoja. Nna Shaikha wanne mie."

Wote wakamgeukia Nasriya, na Bi Mahfoudha akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuuvunja ule upole: "Mwanangu, majina ya akina Shaikha, si uliyaandika?"

Hapa ndipo orodha ya kweli ilipotakiwa itoke mfukoni. Ilikuwemo. Nasriya aliigusa kwa vidole. Alimwangalia mama yake, ambaye uso wake ulikuwa umeshaanza kuiva kwa aibu ya kitu asichokijua bado. Akawaangalia wale wanawake thelathini.

"Niliyaandika, Bibi," alisema.

Huo haukuwa uongo kamili. Katika daftari la kwanza aliyaandika, na Nasriya alijificha nyuma ya daftari lile kama ngamia anavyojificha nyuma ya ufagio. Lakini hakuna aliyemtafuta. Bi Masouda aliifungua tena karatasi, akaitazama, akatikisa kichwa. "Humu hawamo. Wamo watu wengine. Matilida. Wanne pia."

"Wanne pia," walirudia wanawake.

"Matilida si jina la kwetu," alisema mmoja.

"Kwani masuria wote walikuwa na majina ya kwetu?" alijibu Bi Masouda, ambaye hakupenda swali kukaa bila jibu. "Mahfoudha, babu yako si alikuwa na masuria wa Kijojia, weupe kama maziwa, walioletwa kutoka Misri? Nani aliyewahi kuwasomea hao? Nani alijua hata majina ya baba zao? Hao ndio waliokuja leo kuomba rehma yao."

"Subhanallah."

"Bibi yangu mie akimtaja mmoja," alisema mama aliyekuwa akimpapasa Nasriya. "Ana nywele mpaka kiunoni. Wallahi alikuwa Matilida."

Nasriya alifungua mdomo. Bi Mahfoudha akamtangulia.

"Basi mmefahamu?" alisema, na sasa alikuwa amesimama, tasbihi imemwangukia miguuni. "Bibi yangu, binti ami yangu, dada yangu. Wote wenye jina lile wametoka kwenye orodha. Wamempisha. Hawakutaka jina lao lisomwe kwa wafu, maana yule anayelivaa yu hai! Yu hai mwanangu! Jina limekataa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kwenye khitma. Bi Masouda aliitia karatasi ile ndani ya chetezo, kwa kuwa ilianzwa kwa Bismillahi na haifai kutupwa ovyo, na Nasriya akaitazama ikijikunja na kuwa nyeusi. Kisha Bi Mahfoudha akaja na sahani, akamkatia yeye wa kwanza, kipande kikubwa chenye lozi, akamlisha kwa mkono wake.

"Mkono wako umebarikiwa," alimwambia.

Haluwa ile ilikataa kushuka. Nasriya aliizungusha mdomoni mpaka nyumbani, akaitema nyuma ya banda la mbuzi.

Siku zilizofuata alijifunza mengi ambayo Mis Langfodi hakuyafundisha. Alijifunza kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi mzima wa afya na kabla hajafumbua macho akaujua uzito uliokaa kifuani ni wa nini. Alijifunza kumkwepa bibi mmoja katika kichochoro chenye milango saba. Haikusaidia. Bi Mahfoudha alikuwa akiimba. Sauti ilivuka ukuta: anachambua mchele anaimba, anachota maji anaimba. Bi Sayyida alisema, "Miaka sita sijamsikia hata kuguna kwa wimbo," akajifuta macho, na Nasriya akaenda kukaa chooni.

Kila asubuhi aliapa kwamba leo atasema. Kila asubuhi alikuta sababu. Leo ana wageni. Leo anaumwa kichwa. Leo amefurahi mno, kesho atakuwa amefurahi kidogo. Aliitunga hotuba, ya aina ile iliyomwokoa mara nyingi mbele ya mkuu wa shule, yenye majuto mwanzoni, kichekesho katikati na ahadi mwishoni. Ilikuwa hotuba nzuri. Kila alipofika kwenye kichekesho aliikatisha akaanza upya.

Siku ya nane Thabit alikuja kuazima sanduku.

Thabit bin Sleyum alikuwa na miaka thelathini, karani katika ofisi mojawapo mpya, mtu wa maneno machache. Bi Sayyida akamuuliza anasafiri wapi.

"Unguja," alisema Thabit. "Ndege Jumamosi, kiwanja cha Bait al Falaj mpaka Bahareni. Kisha Nairobi, kisha Dar. Kutoka Dar nitajua."

"Unguja!" Bi Sayyida alikaa chini. "Thabit, una wazimu? Wewe ulikuwa askari polisi wa serikali iliyopinduliwa. Jina lako wanalo. Wakikutia mkononi hutoki."

"Nnajua, dada."

"Na unakwenda?"

"Mama haongei kitu chengine. Miaka sita nimemwona akifa kidogo kidogo. Sasa amefufuka, na ananiambia: dadako yu hai, na wewe umekaa kwenye feni. Nimwambie nini? Nimwambie naogopa?" Alilichukua sanduku, akalijaribu kufuli. Alimwona Nasriya mlangoni akatabasamu. "Kalamu ya mtaa. Mama anakuita kesho. Anataka barua."

Usiku ule Nasriya hakuitunga hotuba.

Asubuhi alimkuta Bi Mahfoudha sakafuni, katikati ya vitu. Doti mbili za kanga, kopo la haluwa, chupa ya mafuta ya udi iliyofungwa kitambaani, na gauni la hariri ya kijani ambalo alikuwa akilifumua mishono ya ubavuni.

"Nnalipanua," alisema. "Aliondoka kama ufito. Sasa ana ishirini na tano, na kama wamemzalisha huko atakuwa amenenepa. Au siyo? Kaa. Andika. Mwanangu Shaikha."

Nasriya aliishika kalamu. Aliandika neno "Mwanangu". Baada ya neno hilo hakuweza tena.

"Bibi," alisema. "Jina halikukataa. Ni mimi."

"Umefanyaje?"

"Sikuyaandika. Niliyaandika hapa kwako, lakini kwenye karatasi ya Bi Masouda sikuyatia. Niliyatoa mimi, nikatia ya watu wengine. Kwa mzaha. Hakuna masuria. Hakuna aliyempisha mtu."

Sindano iliendelea kufumua mishono mitatu, minne. Kisha Bi Mahfoudha akatabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa baya kuliko kofi.

"We mtoto mdogo," alisema. "Unadhani Mungu hutumia mikono ya malaika peke yao? Hutumia hata mkono wa mwizi. Wewe ulidhani unacheza. Nani aliyekutia mchezo ule kichwani, usiku ule, na majina yale yale? Hukujiuliza?"

Nasriya hakuwa amelitazamia hilo. Alikuja amejitayarisha kupigwa.

"Ni wanawake wa Ulaya, Bibi. Wamo kitabuni. Nilinakilishwa shuleni, mara ishirini ishirini. Nnaweza kukusimulia wote."

"Nisimulie."

Akamsimulia, pale pale sakafuni, bila mbwembwe, kama mtu anayetoa ushahidi. Binti Baldwini, aliyemkataa mchumba kwa kuwa ni mwana wa haramu, na watu wakazusha kwamba mchumba alipanda farasi akaja kumburura kwa mikia ya nywele zake, kisha akaolewa naye na akawa malkia. Binti Malkamu, aliyelelewa na masista, aliyezaliwa na jina jengine akapewa la Matilda alipokuwa mke wa mfalme, na aliyekuwa akiosha miguu ya wakoma. Binti Yustasi, ambaye mumewe alitekwa vitani, naye akakusanya jeshi akamkomboa. Na binti Henri, aliyetaka kiti cha baba yake wasimpe; akazingirwa ngomeni wakati wa baridi, akavaa nguo nyeupe, akatoroka usiku akipita juu ya mto ulioganda, maadui wasimwone kwa weupe wa theluji.

"Akafika?" aliuliza Bi Mahfoudha.

"Alifika. Aliishi miaka mingi."

"Huyo ndiye uliyemtia pahala pa mwanangu?"

"Ndiye."

"Ana mama?"

"Mama yake ni yule wa pili. Muosha wakoma."

"Mama na mwana jina moja." Bi Mahfoudha aliiweka sindano. "Alipokuwa akipita kwenye huo mto, mama yake alikuwa akijua?"

"Alikuwa keshakufa, Bibi. Zamani. Mtoto alipelekwa kuolewa mbali akiwa na miaka minane, na mama alikufa hajamwona tena."

"Lakini alijua kama yu hai."

"Alijua. Habari za wafalme hufika."

"Basi alinishinda," alisema Bi Mahfoudha.

Akaanza kuokota nyuzi zilizofumuliwa. Nasriya alidhani imekwisha, kumbe ilikuwa ndiyo kwanza inakuja.

"Nikuulize, na usinidanganye tena. Ulipokuwa ukinakili, ukafika jina lake. Mkono wako haukuwa mzito? Kalamu haikukwama? Hukusikia kitu, hata baridi, hata usingizi?"

Nasriya aliiona njia. Ilikuwa wazi mbele yake, pana, na mwisho wake wote wawili wangefurahi: angesema ndiyo, mkono ulikuwa mzito, na bibi huyu angeimba mpaka kufa kwake. Na Jumamosi Thabit angepanda ndege.

"Haukuwa mzito, Bibi. Uliteleza tu."

"Ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikicheka."

Bi Mahfoudha aliitika kwa kichwa, mara moja. Alilichukua lile gauni la kijani, akalitazama ubavu aliokwisha kuufumua na ubavu uliobaki, akalikunja, akaliweka juu ya mapaja yake, akaweka mikono juu yake. Hakulia. Nasriya alikuwa akilia, na mara hii hakuna aliyempapasa mgongo.

"Thabit!" aliita Bi Mahfoudha. Thabit akaja amevaa kanzu ya Ijumaa. "Rejesha sanduku la watu. Huendi."

"Mama?"

"Dadako amekufa. Huyu atakueleza, na wewe usimpige, maana nikikuachia wewe nami nitataka zamu yangu." Kisha akamgeukia Nasriya. "Siku tisa nimelala usingizi. Unajua? Usingizi wa mtoto. Sijui nikushukuru kwa hizo au nikuombee mabaya. Nitafikiri. Mwaka huu sijui kama nitakuwa nimeshamaliza kufikiri."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimesema nitafikiri. Inuka. Kunja haya mazulia mazuri, tandika mikeka. Mwanangu hakuwekewa matanga hata siku moja, kwa ujinga wangu mie. Nnamwekea leo, siku tatu. Na wewe hutakaa jikoni wala hutakaa ndani na wenzio. Utakaa mlangoni. Kila atakayekuja utamwambia wewe nani amefariki, jina lake na la baba yake, kwa sauti nnayoisikia huku nilipo. Atakayeuliza habari ya jina kukataa, utamweleza wewe pia. Yote. Na kucheka kwako."

Thabit hakumpiga. Alisikiliza mpaka mwisho, akabeba sanduku, akapita karibu yake kama mtu anavyopita karibu na kisiki. Bi Sayyida alikuja akasimama katikati ya ua na kofi mkononi, akaona mikeka, akaona uso wa Bi Mahfoudha, akaingia ndani akaanza kuteleka maji ya kahawa.

Habari ya msiba haihitaji barua. Kabla ya adhuhuri Nasriya alikuwa ameketi kizingitini, jua limemfika magotini, na wa kwanza kutokea kichochoroni akawa Bi Masouda, miwani imeruka upande kwa haraka.

"Nnasikia mikeka imetandikwa kwa Mahfoudha. Kuna nini? Nani amefariki?"

Nasriya alisimama. Ndani, mazungumzo ya wanawake wawili watatu yalikatika, na alijua Bi Mahfoudha anasikiliza.

"Shaikha binti Sleyum," alisema.

"Sema kwa nguvu," ilitoka sauti ndani.

"Shaikha binti Sleyum!"

Bi Masouda aliushika ukuta. "Inna lillahi. Si yu hai yule? Si tulipiga vigelegele juzi hapa? Amekufa lini?"

Nasriya, ambaye tangu azaliwe hajapata kukosa jibu mbele ya mwalimu, alilitafuta hili akalikosa. Alivuta pumzi, akaanza na usiku ule wa kunakili, kwa sauti ya kufika ndani, na alikuwa hajamfikia Matilda wa kwanza alipowaona wengine wanne wanakata kona ya kisima, na yule wa mbele keshafungua mdomo kuuliza.